WALIOPELEKWA DODOMA



Kwetu sisi watu wa pwani, kabla Dodoma haijawa makao makuu ya Serikali, jina la mji huo lilikuwa na maana moja tu majumbani mwetu. Mtu akisema maneno yasiyo na kichwa wala miguu aliambiwa, "Wewe ni wa kupelekwa Dodoma." Wenzetu wa Mombasa walisema Mathari, na wa Unguja wakasema Kidongo Chekundu, na maana ilikuwa ile ile. Watu walicheka. Walakin katika nyumba ambayo mtu wake alikwisha kupelekwa kweli, hakuna aliyecheka, na mgeni akilitaja neno lile bila ya kujua, wenyeji walitazama chini na kahawa ikapoa vikombeni.

Jambo hili lina tarehe yake, na tarehe hiyo ni sehemu ya khabari za majumba yetu ingawa hatuiandiki. Tunaandika nasaba za masharifu na safari za majahazi, na hawa waliopanda treni wasirudi hatuwaandiki.

Kabla ya zama za Wadachi mgonjwa wa akili alibaki mikononi mwa jamaa zake. Akiwa mpole alizunguka mjini, akala kwa huyu na akanywa kwa yule. Akiwa mkali alitiwa mnyororo, au mguu wake ukaingizwa katika gogo lililotobolewa, nyuma ya nyumba, mpaka apoe au afe. Walikuwapo waganga wa pepo, na walikuwapo masheikh wa kusoma. Baadhi yao walikuwa watu wa kheri, na baadhi yao walikula mbuzi na fedha za watu na mgonjwa akabaki vile vile. Nyumba ya mwanzo ya kuwatunza wagonjwa hawa upande wetu wa bara ilikuwa Lutindi, katika milima ya Usambara. Wamisionari wa Kijerumani waliifungua mwaka 1896 iwe makao ya watoto waliokombolewa katika utumwa, na tangu mwaka 1904 wakaanza kupokea wenye maradhi ya akili. Nayo ilikuwa ndogo. Wengi waliokosa nafasi, khasa wale wakali, waliishia jela pamoja na wezi.

Kisha ikaja reli. Kazi ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, reli ikafika Dodoma mwaka 1910, na Kigoma mwaka 1914. Vita Vikuu vikapita juu ya nchi ya Wagogo vikachukua ng'ombe na nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, na nyuma yake ikafuata njaa ya miaka ya 1918 hadi 1920 ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Wazee wa Ugogo waliisimulia njaa ile kwa muda mrefu, jinsi watu walivyotawanyika, mama huku na mtoto kule. Basi ilikuwa katika nchi hii, iliyokwisha kujua maana ya kumwacha ndugu njiani, ambamo Mwingereza alifungua hospitali ya Mirembe mwaka 1927, iwe ya wagonjwa wa akili wa Tanganyika nzima. Baadaye pakawa na Isanga, mahali pa wale waliotenda makosa hali ya kuwa akili zao hazipo.

Kwa nini Dodoma? Mimi naona jibu liko katika reli. Mwaka 1928 reli ilifika Mwanza pia, basi mgonjwa wa Ziwani, wa Kigoma, wa Tabora na wa pwani aliweza kuletwa kwa njia moja. Serikali ya kikoloni iliangalia ramani, ikaweka alama katikati. Kwa hesabu ya ramani ni sawa. Kwa hesabu ya mama mwenye mwanawe mgonjwa Bagamoyo au Kilwa, katikati ya nchi ni mbali na kila mtu.

Niwaeleze vijana ilivyokuwa safari ile. Jamaa wawili wenye nguvu walichaguliwa, mara nyingi mjomba na kaka. Mmoja alichukua kamba mfukoni, akimwomba Mungu asiihitaji. Mama alipika wali wa nazi akaufunga, kwa kuwa mgonjwa asingekula chakula cha njiani. Treni ilitoka Dar es Salaam jioni, Morogoro ikapitwa usiku, na alfajiri ilipopambazuka nje ilikuwa nchi nyingine: vumbi jekundu, mibuyu iliyosimama mmoja mmoja, hakuna mnazi hata mmoja. Chakula ni ugali wa uwele au mtama kwa mlenda. Lugha ni Kigogo. Mgonjwa aliyekuwa amepoteza akili yake sasa akapoteza na bahari. Na wale jamaa wawili walirudi kwa treni ya usiku uliofuata, nao wakakaa kimya mpaka Dar es Salaam. Nimewauliza kadhaa wa watu hao walipokuwa wazee, na kila mmoja alinitajia kimya kile kabla ya kutaja kitu kingine.

Wako wanaosema kwamba kumtoa mgonjwa nyumbani ni mwendo wa Kizungu, na kwamba Uislamu haukujua jambo hilo. Hawa hawaijui tarehe yao wenyewe. Khalifa al-Walid bin Abdulmalik, huko Damascus mwaka 88 wa Hijra, sawa na 707, aliweka mahali pa kutunza wagonjwa, akawakatia wakoma posho ili wasiombe barabarani, akampa kila kipofu mtu wa kumwongoza. Nuruddin Zengi alijenga maristani yake Damascus mwaka 1154. Al-Mansur Qalawun, kabla hajawa Sultani, aliugua Damascus akatibiwa kwa dawa zilizotoka katika maristani ile ile, akaweka nadhiri. Na alipopata ufalme akajenga yake Cairo mwaka 1284, kubwa kupita zote, akaiwekea wakfu wa maduka na mali nyingine, iwapokee tajiri na maskini, mwanamume na mwanamke, muungwana na mtumwa. Ndani yake palikuwa na sehemu ya wenye maradhi ya akili. Sultani Bayezid wa Pili alijenga nyingine Edirne mwaka 1488, na msafiri Evliya Çelebi, aliyeiona katika karne ya 17, ameandika kwamba wagonjwa walipigiwa muziki ili nafsi zao zitulie. Basi hii si bidaa wala si aibu.

Ila tazama jambo moja, msomaji wangu. Maristani ya Qalawun ilijengwa katikati ya Cairo, katika njia kuu ya mji, na masoko na misikiti imeizunguka. Mtu aliyekuwa na ndugu yake ndani aliweza kutoka kuswali Adhuhuri akaingia kumtazama, akaenda dukani kwake. Mirembe kwa mtu wa pwani ilikuwa usiku mzima wa treni, na nauli, na siku za kazi zilizopotea. Tofauti hii naiona kubwa kuliko tofauti ya dawa. Jamaa wengi hawakuamua kumsahau mtu wao. Walikwenda mwaka wa kwanza mara mbili, mwaka wa pili mara moja, mwaka wa tatu walituma salamu na mtu, kisha yule mtu akahama.

Katika Suratul Israa, aya ya 23, Mwenyezi Mungu anapoamrisha wema kwa wazazi wawili waliofikiwa na uzee, limo neno moja ambalo wafasiri wamelisimamia: uzee ule unawafika wakiwa *kwako*, ubavuni pako, chini ya macho yako. Nimeulizwa mara nyingi, je, neno hili linamharamishia mtu kumpeleka mzazi wake au nduguye hospitali akae huko? Nami nimejibu kwamba halimharamishii, ikiwa matibabu yako huko na nyumbani hayapo, au ikiwa mgonjwa anajidhuru au anadhuru watoto. Mtu habebeshwi asichokiweza. Wako mabinti katika miji yetu waliokesha miaka na mama aliyerudi katika umri ule dhalili wa kusahau kila alichokijua, anafungua mlango usiku wa manane akitafuta nyumba ya baba yake aliyekufa miaka sitini nyuma. Kaka zao huja Iddi, hula biriani, husema mama asitolewe nyumbani kwa kuwa watu watasema nini. Mimi sina radhi na kaka hao. Lakini "kwako" haiondoki kwa sababu kitanda kimehamishwa. Aliyelazwa Dodoma bado yuko kwako.

Na Mtume wetu, rehma na amani zimshukie, ametuonyesha jambo hilo kwa mwendo wake. Alikuwapo Madina mwanamke ambaye akilini mwake palikuwa na kitu. Alimwendea Mtume akasema ana haja naye. Mtume alimwambia achague njia yoyote ya mji anayoitaka, akasimama naye mpaka alipomaliza haja yake. Hatukuambiwa haja ile ilikuwa nini. Huenda haikuwa na maana kwa mwenye akili.

Turudi Mirembe. Miaka mingi ya mwanzo dawa zilikuwa chache mno, na aliyeingia huenda asitoke. Mambo yalibadilika baada ya mwaka 1952, zilipopatikana Ufaransa dawa za kutuliza maradhi haya, zikaenea duniani. Mtu aliyekuwa akipiga kelele usiku kucha alianza kulala, kuoga, kulima, kuswali. Baada ya uhuru madaktari wa Tanzania walikwenda mbele zaidi, wakaanzisha vijiji vya kilimo ambamo mgonjwa aliyepata nafuu huishi akilima, na katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark, wakaanza Morogoro na Kilimanjaro kuyatia matibabu ya akili katika zahanati za kawaida ili watu wasiletwe wote Dodoma. Sheria nayo ilibadilika, ikaja Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008. Lakini hapa ndipo lilipozuka jambo ambalo wakoloni hawakuwa nalo sana: wagonjwa waliopona, wasio na wa kuwachukua. Wauguzi wa Mirembe wamelisema mara kwa mara. Jamaa huandikisha jina la kijiji kisichokuwapo. Barua hurudi. Mtu amekaa na furushi lake, ana akili timamu, hana kwao.

Wakoma wa Hombolo, nje kidogo ya mji wa Dodoma, yaliwafika yayo hayo. Dawa mseto iliyokubaliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981 iliondoa ukoma katika miili, na waliopona wakabaki makazini wakazeeka, kwa kuwa nyumbani walikwisha kuzoeleka kuwa hawapo.

Sasa nitasema lililonifanya niandike. Ni khabari ya nyumba moja ya pwani ya Tanga, jirani zetu. Simtaji mtu jina.

Alikuwapo kijana aliyekuwa khalifa wa chuoni kwetu, ndiye aliyenishika mkono mimi kuandika alifu juu ya ubao. Sauti yake ya kusoma ilikuwa nzuri, na watu waliokuwa wakipita njiani walisimama. Mwaka 1973 akaanza kukataa chakula akisema kimetiwa kitu, kisha akampiga baba yake. Wakampeleka Dodoma. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na moja, nikawaona wakimpitisha kichochoroni alfajiri, naye amevaa kanzu safi kama anakwenda Ijumaa.

Mwaka 1984 ilikuja barua. Mimi nilikuwa ndiye msomaji wa barua za mtaa, basi niliisoma barazani mbele ya baba na kaka zake. Ilisema amepata nafuu, anaweza kurudi, aje mtu kumchukua na kuelezwa dawa zake. Baba alilia. Kaka mkubwa akasema mwezi huu hapana, mvua. Barua ikakunjwa ikatiwa katika msahafu. Sikuandikiwa jibu la kuliandika, nami sikuuliza.

Mwaka 1991 baba akafariki; mama alikwisha kutangulia. Mimi sasa nilikuwa mwalimu, nimesoma faraidhi, nikaitwa kugawa. Mali iliyobaki ilikuwa shamba la minazi thelathini na mitano. Wakanitajia warithi: watoto wa kiume wawili, wa kike mmoja. Nikatazama usoni kwa kaka mkubwa, naye akasema, "Yule hesabu yake kwa Mungu." Nikanyamaza. Hesabu ilikuwa nyepesi, hisa tano: minazi kumi na minne kwa kila mwanamume, saba kwa mwanamke. Ilitoka bila ya mkatiko, na nakiri mbele yako msomaji kwamba nilifurahi kwa ajili hiyo, kama mwanafunzi. Wakanipa nauli na kilo ya sukari.

Baada ya miaka mitano nilikuwa nafundisha faraidhi, na mtoto mmoja akauliza, "Maalim, mwendawazimu anarithi?" Nikamjibu kwa kujiamini. Nikasema yanayomzuia mtu kurithi ni mambo yanayojulikana, kama kumuua anayerithiwa au kutofautiana dini, na wazimu si mojawapo. Kwamba Suratun Nisaa imekataza kuwakabidhi wasio na uwezo mali zao, ila imeamrisha walishwe na wavishwe kwa mali hizo na wasemeshwe kwa wema, na kwamba fungu lake hushikwa na walii wake. Watoto wakaandika. Usiku ule sikulala.

Nilikwenda Dodoma mwaka 1996 pamoja na dada yake. Tulimkuta shambani na jembe, nywele zimeingia mvi, meno mawili ya mbele hayapo. Alinitazama muda mrefu, akasema, "Wewe alifu yako ilikuwa inalala." Kisha akamgeukia dada yake akauliza kama baba yuko hai. Dada akashindwa kusema, nami ndiye niliyesema. Akaisoma Fatiha papo hapo katika vumbi, na sauti ilikuwa ile ile. Alipomaliza akauliza kama shamba tumeliuza.

Tuliporudi niliwakusanya, nikasema hesabu niliyoifanya ni dhulma na dhulma ile ni yangu kabla ya kuwa yao. Hisa zilikuwa saba. Kila mwanamume minazi kumi, mwanamke mitano. Basi kila kaka arudishe minne, na dada miwili, yapatikane kumi ya ndugu yao. Dada alitoa siku ile ile. Kaka mdogo alitoa baada ya wiki. Kaka mkubwa alichukua miezi minane, na alipotoa alitoa minazi minne ya pembezoni, iliyozeeka. Na kumweka nyumbani kwake akakataa kabisa, akisema ana wajukuu. Sikumlazimisha, alikuwa na haki ya kuogopa. Aliyemchukua ni dada, katika chumba cha uani kilichokuwa cha kuku, kikapigwa chokaa. Kila mwezi alimpeleka hospitali kuchomwa sindano yake. Mara mbili maradhi yalirudi, tukampeleka Dodoma, na mara zote mbili tulimfuata. Kati ya hapo alisomesha watoto wa uani alifu na bee, na jioni alikwenda shambani akaigusa minazi yake mmoja mmoja, mpaka kumi, akarudi.

Siku hizi treni ya umeme, iliyoanza kwenda Dodoma mwaka 2024, inafika kutoka Dar es Salaam kwa saa chache tu. Mtu anaweza kwenda asubuhi kumtazama nduguye akarudi usiku ule ule. Nimeipanda mwaka jana. Nje ya dirisha mibuyu ilipita kwa kasi mno hata sikuweza kuihesabu, na abiria wengi walikuwa wanakwenda ofisini na mikutanoni.

Yule bwana alifariki mwaka 2011, kwa homa ya siku nne, mikononi mwa dada yake. Hakuoa na hakuacha mtoto. Baada ya kuzika wakaniita tena kugawa, minazi kumi, na warithi ni ndugu zake wale wale, wanaume wawili na mwanamke mmoja. Hisa tano. Nikahesabu: minne, minne, miwili. Kila mmoja alirudishiwa idadi ile ile aliyoitoa. Tukakaa kimya. Kisha kaka mkubwa, ambaye sasa macho yake yalikuwa hayaoni vizuri, akaniuliza, "Maalim, safari hii umewahesabu wote?"

Nikamwambia nimewahesabu wote.